Matarajio Mawili kwa Kila Mwananchi

Nchi yenyewe sitaitaja. Si kwamba naogopa. Ni kwamba kule kwetu ukitaka kulitumia jina la nchi unaandika barua ya maombi, na barua yangu iko mezani kwa bwana mmoja aliye safarini. Wewe jua tu kwamba ipo, ina bendera na mito miwili na daraja moja, na ina Wizara ya Matarajio ya Wananchi, kitu ambacho majirani zetu wote wanatuonea wivu.

Wizara hiyo ndiyo iliyotuletea gemu.

Tangazo lilitukuta bandani kwa Mama Mwasiti, Jumatatu saa nne asubuhi, wakati ambao watu wote wenye akili zao wanakuwa bandani kwa Mama Mwasiti. Ni banda la mabati lenye televisheni tatu, viti vya plastiki ishirini na nane na birika la chai lisilopoa. Mbele wanacheza gemu, nyuma wanacheza karata, katikati wanasengenywa wasiokuwepo. Mimi hukaa katikati.

Mara gemu zikakatika kwenye televisheni zote tatu, akatokea Waziri wa Matarajio, Mheshimiwa Profesa Daktari Mhandisi Fidelis Ngwembe, amekaa nyuma ya maua.

“Ndugu wananchi,” akasema, “Serikali yenu sikivu imekamilisha kwa asilimia mia moja hatua ya awali ya maandalizi ya kuelekea kukamilisha. Leo nina heshima ya pekee kuzindua rasmi tarehe ya uzinduzi.”

Akakata utepe. Nyuma ya utepe kulikuwa na kalenda.

Gemu ingeitwa Nchi Mpya. Ingechezwa mtandaoni na wananchi wote kwa pamoja, kila mmoja kwa simu yake. Ungekuwa na mhusika wako, mwenye jina lako na sura yako, unamtembeza humo ndani, anafanya kazi, anapigana, anapanda levo. Ungekutana na watu wengine na kuongea nao kwa kuwaandikia. Kungekuwa na panga, ngao, ngome na majoka yenye vichwa saba. Barabara zingekuwa za lami. Zahanati ingekuwa na dawa. Maji yangetoka bombani.

Waziri alipomaliza, gemu zikarudi kwenye televisheni. Aliyesema wa kwanza ni Shebe, ambaye kwa gemu hapa mtaani hana mpinzani, na ambaye tangu apunguzwe kazi bandarini hana shughuli nyingine.

“Joka la vichwa saba linawezekana,” alisema. “Nimeshayaona. Ila hayo maji ya bomba, mtaa huu, hapo wametia chumvi.”

Tulikubaliana naye wote.

*

Wiki iliyofuata kila kata ilipata Afisa Matarajio. Wa kwetu ni Bwana Chengula, mtu mpole, ambaye kabla ya hapo alikuwa Afisa Nzige mpaka nzige walipoondoka wenyewe. Alikuja bandani na meza yake, kiti chake na boksi la fomu, akaeleza utaratibu.

Kila mwananchi angejaza matarajio mawili kuhusu gemu. Si zaidi. Wizara imejifunza kutokana na reli, uwanja wa ndege na lile bwawa, kwamba wananchi wakiachwa watarajie holela, wanatarajia kupita uwezo wa Serikali, halafu ile ziada inageuka manung’uniko. Mwenye matarajio ya ziada ayasalimishe kwa hiari ofisini kabla ya mwisho wa mwezi, na hataulizwa aliyapata wapi.

Tukapanga mstari. Shebe aliandika kwamba anatarajia kupanda simba mwenye mabawa, na kulala kwenye nyumba yenye dari. Mama Mwasiti alitarajia umeme usiokatika. La pili aliliacha wazi, akasema atalifikiria. Mwalimu Betrida, anayefundisha darasa la tatu lenye watoto mia moja na arobaini, aliandika upanga wa moto na madawati.

“Madawati ni ya wizara nyingine, Mwalimu,” akasema Chengula. “Andika upanga mara mbili.”

“Mikono yangu miwili, lakini napigana kwa wa kulia tu.”

“Andika tu, Mwalimu. Huo mwingine utauweka.”

Akaandika.

Mtu wa mwisho mstarini alikuwa Fundi Lukelo. Huyu hana budi kuelezwa. Ni fundi wa kushona viti vya pikipiki, kibanda chake kimeegemea ukuta wa banda, na ni mmoja wa wale watu unaoweza kukaa nao kutwa ukajikuta wewe ndiye umeongea yote. Mkewe, Asteria, alifariki miaka miwili iliyopita kwa homa ya siku nne. Tulimzika makaburi ya kata, kule mteremkoni, maana kwenye tambarare pamejengwa ofisi ya makaburi.

Tatizo la mteremko ni mvua. Kila masika udongo unashuka. Dawa yake ni kujengea kaburi kwa mawe na saruji, lakini kujengea kunataka kibali, kibali kinataka cheti cha kifo, na cheti cha kifo Lukelo alikuwa anakifuatilia tangu tulipotoka kuzika. Ameandika barua ishirini na moja. Masika mbili zimeshapita juu ya Asteria. Kile kichuguu kilichokuwa kimefika gotini sasa kilikuwa kimefika kwenye kifundo cha mguu, na msalaba wa mbao umeinama kama mtu anayetafuta kitu chini. Masika ya tatu ikipita, pangekuwa mahali tu, kama mahali pengine.

“Tarajio la kwanza?” Chengula akamuuliza.

“Cheti.”

“Fundi, cheti ni huduma. Huduma haitarajiwi.”

Lukelo alifikiri. “Basi sina,” akasema, akarudi kwenye viti vyake.

Chengula alimwandikia mwenyewe kwamba anatarajia ngao, kwa sababu fomu hairuhusiwi kurudi tupu.

*

Halafu kikaja kionjo.

Kilikuwa cha dakika mbili, kilirushwa mtandaoni Alhamisi mchana ili watu waone Nchi Mpya inavyofanana. Banda lilijaa mpaka dirishani. Tuliona barabara ya lami, tukaguna. Tuliona joka, hatukuguna. Kisha likaja soko, watu wanapita na vikapu, na Fundi Lukelo, aliyekuwa amesimama mlangoni na sindano yake ya kushonea mkononi, akasema taratibu:

“Mwasiti, dada yangu. Simamisha hapo.”

Mama Mwasiti akasimamisha.

“Rudisha kidogo. Hapo.”

Nyuma ya muuza nyanya alisimama mwanamke mwenye kitenge cha kijani, uso kaugeuza kidogo upande, kama mtu aliyeambiwa atazame mbele akakataa. Alikuwa Asteria. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Hata mimi niliyekuwa mbali nilimjua, kwa lile jicho alilokuwa akikutazama nalo ukimwomba sukari.

“Hiyo ni picha ya kadi ya kura,” akasema Lukelo. “Mpiga picha alimwambia avue kilemba. Waligombana.”

Shebe ndiye aliyetufafanulia. Wizara isingeweza kupita nyumba kwa nyumba kuchora sura za watu wote, kwa hiyo ilichukua sura kutoka Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Na daftari letu, kama jina lake linavyosema, ni la kudumu. Sisi hatuna tabia ya kumfuta mtu daftarini kwa sababu tu amekufa. Tunaona ni kukosa adabu. Marehemu baba yangu mwenyewe ameshapiga kura mara nne tangu tumzike, zote kwa amani na utulivu, na hatujawahi kupata lalamiko kutoka kwake.

Mama Mwasiti alirudisha kionjo mwanzo bila kuombwa. Tukakitazama tena, safari hii hakuna aliyetazama barabara. Mara ya tano, Mwalimu Betrida akamwona marehemu dada yake kwenye kona, kabeba ndoo. Mara ya tisa, Mama Mwasiti akamwona kaka yake. Alimimina chai kwenye kikombe kilichokuwa kimeshajaa.

Kesho yake watu walianza kwenda ofisini kubadilisha matarajio.

*

Lukelo aliniomba nimsindikize. Kubadilisha tarajio kunataka shahidi, na mimi ushahidi ni kitu napenda, unasikia mambo ya watu.

Mstari ulizunguka ofisi mara mbili na nusu. Ulikuwa mstari wa ajabu, hakuna aliyelalamika. Zamu yetu ilipofika, Bwana Chengula alikuwa amevimba macho kwa kuandika neno lile lile tangu asubuhi.

“Tarajio?”

“Kumwona Asteria.”

“Asteria ni nani wako?”

“Mke wangu. Umekula ubwabwa wa msiba wake, Chengula.”

“Hapa naandika, simkumbuki mtu. Yuko wapi?”

“Alifariki.”

Chengula akaweka kalamu chini. “Sasa Fundi, tarajio huwa la mbele. Marehemu yuko nyuma. Siwezi kuliandika mbele jambo la nyuma.”

“Yupo kwenye daftari.”

Chengula akafungua mfumo kwenye kompyuta, akateremsha majina kwa kidole kana kwamba yako kwenye karatasi, akafika. “Yupo,” akakubali. “Basi kama yupo, yupo. Sasa huyu unayesema amefariki ni nani?”

“Ni huyo huyo.”

“Chagua mmoja, Fundi. Fomu ina nafasi moja.”

Kabla Lukelo hajajibu, sauti ikatoka dirisha la pili. Ni Bi Faustina, karani wa vizazi na vifo, mwanamke ambaye kwa miaka miwili jibu lake lilikuwa njoo Jumanne.

“Wewe si Lukelo wa barua? Cheti chako kimetoka.”

Akakiinua tukakiona. Karatasi ya kijani, mhuri, jina la Asteria limeandikwa bila kosa hata moja. Miaka miwili na barua ishirini na moja, na sasa kilichobaki ni saini tu.

“Saini hapa,” akasema Bi Faustina. “Ila nikueleze. Siku hizi mfumo ni mmoja. Ukisaini huku, kule daftarini anafutika. Akifutika daftarini, kwenye gemu hayumo.”

Lukelo alisimama kati ya madirisha mawili. Ni hatua tatu kutoka moja hadi jingine. Nilizihesabu kwa sababu sikutaka kumtazama usoni.

“Uzinduzi ni lini?” akauliza.

“Siku tisa,” akasema Chengula.

“Na mvua?”

“Mvua haiko chini ya ofisi hii.”

“Cheti kinakaa siku ngapi bila kusainiwa?”

“Kumi na nne,” akasema Bi Faustina. “Ikipita saa tisa na nusu alasiri siku ya kumi na nne, kinarudishwa makao makuu, unaanza barua ya kwanza.”

Lukelo alipiga hesabu yake. Siku tisa ziko ndani ya kumi na nne. Angemwona kwanza, hata kwa dakika moja, halafu angerudi kusaini.

“Kiweke,” akasema.

Chengula akaandika: kumwona Asteria. Kwenye nafasi ya pili akamuuliza kama ile ngao ibaki. Lukelo akasema ibaki.

*

Siku tisa zile nchi haikufanya kazi yoyote. Sisemi kwa kulaumu. Aliyetaka kupaka nyumba rangi alisema atapaka kule. Waliokuwa hawasemezani waliacha kupatana, wakasema watapatana kule, ambako kuna nafasi. Wizara ilipeleka maafisa arobaini na mmoja ng’ambo kujifunza wachezaji wa huko wanasubirije gemu mpya, wakarudi na ripoti yenye kurasa mia tatu, ikisema wanasubiri wakiwa wamekaa.

Bandani watu walikuja, wakakaa, hawakucheza. Hata umbea ulipungua. Ungemwanzishia mtu habari nzuri kabisa, ya mchungaji na gari la kwaya, akakwambia, “Ehe,” akaendelea kutazama kalenda.

Mvua ilianza siku ya saba.

Siku ya tisa Waziri alitokea nyuma ya maua yale yale. “Uzinduzi hauahirishwi,” akasema. “Uzinduzi unasogezwa mbele, na mbele ndiko maendeleo yaliko. Tunaongeza siku nne ili kuboresha subira.”

Tisa na nne ni kumi na tatu. Lukelo alikuwa anakata rexini ya kiti cha bodaboda Waziri alipokuwa akiongea. Alimaliza kukata, akaweka mkasi, akachukua koleo. Kila asubuhi tangu hapo tulimwona akipita na lile koleo kwenda makaburini kuupandisha udongo ulioshuka, na kila kulipokucha tena mvua ilikuwa imeushusha. Nilimfuata siku moja. Alikuwa ameweka mawe matatu kwa chini kuuzuia. Mlinzi wa makaburi alikuwa amesimama pembeni chini ya mwavuli, anamweleza kwamba mawe mawili hayana neno lakini matatu yanahesabika ni ujenzi.

Lukelo aliondoa moja.

*

Siku ya kumi na tatu, saa nne asubuhi, Nchi Mpya ilifunguliwa.

Sijawahi kuona banda limejaa vile. Watu walikaa wawili wawili kwenye kiti. Kila mtu na simu yake, na simu zote zilikuwa zimeandika kitu kimoja: Asante kwa kuwa mzalendo. Upo kwenye foleni. Kisha namba. Ya Shebe ilikuwa milioni moja laki mbili na kidogo. Ya kwangu ilikuwa mbele ya hiyo kwa watu sita.

Kwenye televisheni Waziri alikuwa anang’aa. “Katika dakika ya kwanza pekee,” akasema, “wachezaji milioni moja na laki mbili wameingia bila tatizo lolote la mtandao. Hili halijawahi kutokea popote.”

Shebe alitazama simu yake, akatutazama sisi. “Mimi niko nje. Nyie mko nje. Binamu yangu yuko mjini kabisa, kando ya mnara, naye yuko nje. Hao milioni moja walioingia ni kina nani?”

Mama Mwasiti aliinamia birika. Mtu wa nyuma, sikumwona nani, akasema kwa sauti ya kawaida tu, “Wale wenzetu hawana shida ya chaji,” na baadhi tukacheka kidogo, halafu tukaacha.

Namba zilishuka polepole. Tulishinda hapo, tukarudi kesho yake. Siku ya kumi na nne saa tano asubuhi, simu ya Lukelo ikalia. Alikuwa wa kwanza mtaani kuingia. Nadhani kwa sababu alikuwa ameomba kidogo.

Tulimzunguka. Mhusika wake alikuwa anafanana naye, ila mnene. Alipewa ngao. Hakuitazama, alienda moja kwa moja sokoni, na Shebe akimwelekeza wapi abonyeze.

“Kata kulia, Fundi. Hapo. Usipigane na huyo, mpishe.”

Asteria alikuwa pale pale, nyuma ya muuza nyanya. Kitenge cha kijani, uso upande. Lukelo alisogea mpaka karibu. Vidole vyake ni vya sindano kubwa, si vya herufi ndogo. Alichukua muda mrefu kuandika maneno matatu.

Asteria, ni mimi.

Mwanamke yule aligeuka. Juu ya kichwa chake yakatokea maandishi: Karibu, mwananchi mwenzangu. Hali ni shwari.

Lukelo akaandika tena: Masika imeanza. Kaburi linaondoka.

Hali ni shwari.

Kisha filimbi ikapulizwa, sijui kutoka wapi humo ndani, na watu wote wa soko wakaweka vikapu chini kwa pamoja. Wakageuka kwa pamoja. Dada yake Mwalimu Betrida na ndoo yake, kaka yake Mama Mwasiti, na mzee mmoja mfupi mwenye kofia ya baba yangu. Wakaenda kwenye jengo jeupe na kupanga mstari ulionyooka. Tukaambiwa na maandishi kwamba kazi ya kwanza katika Nchi Mpya ni uchaguzi. Aliyepiga kura alipanda levo, akazunguka nyuma, akapanga tena. Namba juu ya kichwa cha Asteria ikawa kumi na moja, kumi na mbili, kumi na tatu. Hakuruka zamu, hakumsukuma mtu, hakuuliza mbele kuna nini.

Lukelo alijaribu kumfuata, mlango ukamzuia. Alikuwa levo ya kwanza.

Alitazama kwa zaidi ya saa nzima. Kisha akampa Mama Mwasiti simu.

“Si yeye,” akasema.

“Sura si ndiyo hiyo, kaka?”

“Sura ni yake. Lakini Asteria hapangi foleni. Akikuta foleni bombani, anageuza na ndoo tupu, anarudi kunigombeza mimi.”

Hiyo ilikuwa kweli. Bandani tulikuwa tunamsikia.

Lukelo akafuta mikono kwenye suruali. “Saa ngapi sasa?”

Ilikuwa saa saba kasoro. Nikamwambia twende.

*

Ofisini hapakuwa na mtu mstarini. Wote walikuwa kwenye foleni nyingine. Bi Faustina alikuwa na cheti mezani. Alimsogezea Lukelo kalamu, kisha akakumbuka kutazama kompyuta kwanza, maana siku hizi mfumo ni mmoja.

Alitazama kwa muda. Akavuta kalamu akairudisha upande wake.

“Imekataa,” akasema.

“Imekataa nini?”

“Inasema mchezaji hai. Jana aliingia saa nne asubuhi, mpaka sasa hajatoka. Levo ya arobaini.” Akasoma tena, kwa sauti ya mtu anayevutiwa. “Arobaini kwa siku mbili. Anajituma.”

“Cheti hicho hapo, Faustina. Kimetoka. Siku kumi na nne bado hazijaisha.”

“Kilitoka kabla hajaanza kucheza. Tazama, Fundi, mimi sina kinyongo na wewe. Lakini wewe ni levo ya kwanza. Hakuna mahali kwenye mfumo mtu wa levo ya kwanza anapomwombea cheti cha kifo mtu wa levo ya arobaini.” Alisita. “Yeye anaweza kukuombea wewe.”

Nilimtazama Lukelo nikidhani atapiga meza. Hakupiga. Miaka miwili ya kuambiwa njoo Jumanne inamaliza hizo nguvu.

“Na kibali cha kujengea?” akauliza.

“Kujengea kaburi la nani?”

Lukelo akasema asante. Bi Faustina akakifunga cheti kwenye bahasha ya makao makuu. Nje mvua ilikuwa inanyesha bila haraka, kama yenye mwezi mzima mbele yake.

Nilifika bandani kabla yake, nikayasema yote. Kusema ndiyo kazi yangu. Nilitegemea watu wapige kelele, au angalau waseme maskini. Walinisikiliza wakiwa na simu mkononi, namba zinashuka. Aliyeinuka wa kwanza ni Mama Mwasiti. Alizima televisheni moja, ya pili, ya tatu.

“Nina mifuko mitatu ya saruji ya kutengenezea choo,” akasema. “Choo kitasubiri.”

*

Tulikwenda Jumamosi asubuhi mvua ilipopumzika, watu kama ishirini. Shebe alibeba mfuko begani, simu iko mfukoni, na ninajua kwamba zamu yake ya kuingia ilifika tukiwa njiani kwa sababu ililia, akaacha ikalia. Mwalimu Betrida alikusanya mawe. Mlinzi wa makaburi alihesabu mpaka mawe tisa, akaenda kumwita Bwana Chengula.

Chengula alipofika na mwavuli na daftari lake, tulikuwa tumeshamwaga saruji na Lukelo amepiga magoti anailainisha kwa mwiko, akianzia upande wa kichwa. Hatukukimbia. Sijui kwa nini. Labda tulikuwa tumechoka.

“Nimeambiwa hapa panajengwa kaburi bila kibali,” akasema Chengula.

Lukelo hakuinua uso. “Kaburi la nani?”

Chengula akafungua daftari. “La Asteria, mke wa Lukelo.”

“Asteria yuko sokoni,” akasema Lukelo. “Muulize Faustina. Levo ya arobaini, na leo labda kaongeza.”

“Basi hapa yuko nani?”

“Wewe ndiye wa ofisi.”

Chengula alisimama akitazama kile kitu chetu cha kijivu. Alitazama daftari, akatazama tena saruji. Ni mtu wa utaratibu, na utaratibu ulikuwa umemwacha peke yake mteremkoni.

“Lazima niandike ni nini,” akasema mwishoni, kwa upole. “Siwezi kurudi na fomu tupu. Kama si kaburi, sheria ya makaburi haihusiki. Lakini lazima kiwe kitu.”

“Andika unavyoona,” akasema Mama Mwasiti.

“Naona ni sakafu.”

“Basi ni sakafu.”

“Na mseme hivyo hapo juu, ili mkaguzi akija asipate shida.”

Lukelo alichukua msumari. Pale ambapo watu wengine huandika jina, na tarehe mbili, na tutakukumbuka daima, akaandika kwa herufi kubwa zilizonyooka, za mtu aliyezoea kuchora mistari kwenye rexini: SAKAFU. Akarudi nyuma hatua moja kuitazama.

“Imekaa sawa?” akaniuliza.

“Imekaa sawa,” nikasema.

Chengula alimaliza kuandika, akafunga daftari, lakini hakuondoka. Alitazama mfuko wa tatu, uliokuwa umefunguliwa nusu.

“Hiyo iliyobaki ni ya wapi?” akauliza.

“Ya choo changu,” akasema Mama Mwasiti.

“Mama yangu yuko kule chini, karibu na mfereji,” akasema Chengula. “Msalaba umeshaondoka tangu mwaka jana.”

Lukelo akaosha mwiko kwenye ndoo.

“Yuko levo ya ngapi?” akamuuliza.

“Hamsini na mbili,” akasema Chengula, akakunja mwavuli.

Shebe akabeba mfuko. Sisi tukachukua makoleo.